Maswali ya Wasomaji: SQL kwa Karani wa Maboti na kwa Muuza Samaki

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni karani wa kikundi cha wenye maboti ya abiria yanayovusha watu kati ya Mokowe, Amu na Manda. Kumbukumbu za safari huziweka katika faili moja la Excel, ambalo sasa limekuwa refu mno, na hesabu za mwisho wa mwezi hazilingani na zile za manahodha. Nimeshauriwa nijifunze SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Je, nianze na MySQL, PostgreSQL au SQLite, na ni lazima nilipie kozi? – Karani, Amu

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu karani. Hayo uliyoyauliza nitayajibu kwa ufupi, maana hayana uzito ambao watu huyapa. Zote tatu ni programu za hifadhidata zinazotumia SQL. Anza na SQLite. Ni ya bure, hifadhidata nzima hukaa katika faili moja, haihitaji seva wala intaneti, na imo tayari ndani ya kila simu ya Android. Lugha ya SQL iliwekewa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1986 na kimataifa mwaka 1987, kwa hiyo amri za msingi utakazozizoea hapo utazikuta karibu vilevile katika PostgreSQL na MySQL, siku kikundi chenu kitakapohitaji makarani kadhaa waandike kwa wakati mmoja. Kozi usilipie kwanza. Data unayo, na maswali unayo.

Penye kazi ni kuyagawa majedwali, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanaoanza hupitishwa mbio. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM huko San Jose, Marekani, alipendekeza mwaka 1970 kwamba data ipangwe katika majedwali yanayohusiana kwa thamani zilizomo ndani yake, ili anayeuliza asilazimike kujua kila kitu kimehifadhiwa wapi katika mashine. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, wakatangaza lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo ndiyo iliyozaa SQL. Mpangilio ulitangulia, lugha ikafuata, na wewe ujifunze kwa utaratibu huo huo.

Bila shaka kila mstari wa faili lako una tarehe, jina la chombo, jina la nahodha, nambari yake ya simu na idadi ya abiria. Nahodha akibadilisha laini, itakubidi urekebishe mistari chungu nzima. Na mtu yule yule akiandikwa Athman leo, Athmani kesho na Othman wiki ijayo, kompyuta itamhesabu kuwa watu watatu. Huenda ndipo hesabu zenu zinapopishana. Tengeneza majedwali matatu: manahodha, vyombo na safari. Kila nahodha na kila chombo kipewe nambari isiyojirudia, nao ndio ufunguo wake wa msingi. Kisha katika jedwali la safari uandike nambari hizo tu, pamoja na tarehe na abiria. Jina na simu vitakaa mahali pamoja, na vikirekebishwa hapo vimerekebishika kote.

Hapo sasa amri zina maana. Ukitaka kujua kila chombo kimepakia abiria wangapi, utaandika hivi (id ni nambari ya chombo, chombo_id ni nambari hiyo hiyo ndani ya jedwali la safari, na SUM hujumlisha):

SELECT vyombo.id, vyombo.jina, SUM(safari.abiria)
FROM vyombo JOIN safari ON safari.chombo_id = vyombo.id
GROUP BY vyombo.id, vyombo.jina;

Nimepanga makundi kwa nambari, si kwa jina peke yake, kwa sababu vyombo viwili vyenye jina moja vingejumlishwa pamoja. Angalia pia kwamba JOIN, inayounganisha majedwali mawili, huonyesha tu vyombo vilivyo na safari. Chombo kilichopandishwa pwani mwezi mzima kikipigwa kalafati hakitatokea kabisa katika orodha, na mwenyewe atakuja kukuuliza. Ukitaka kitokee, andika LEFT JOIN. Lakini ukihesabu safari kwa COUNT(*), chombo hicho kitapewa safari moja ambayo hakikuifanya; kwa hiyo andika COUNT(safari.chombo_id), nacho kitapata sifuri yake ya haki.

SWALI: Nauza samaki Malindi na bei zangu nimeziweka katika SQLite. Nilitaka kubadilisha bei ya kolekole peke yake, nikaandika UPDATE samaki SET bei = 550; na sasa samaki wote wana bei hiyo. Je, naweza kurudisha? – Msomaji, Malindi

JIBU: Ikiwa hukuandika BEGIN kabla ya amri hiyo, kwa kawaida mabadiliko huhifadhiwa papo hapo, na njia ya kutegemea ni nakala ya akiba ya faili, kama unayo. Ulisahau sharti: WHERE jina = 'kolekole'. Kuanzia sasa, kabla ya UPDATE au DELETE yoyote, andika SELECT yenye WHERE ile ile, uitazame mistari inayojitokeza, na ukiridhika ndipo ubadilishe. Ukitanguliza BEGIN utaweza kukagua matokeo, kisha uandike COMMIT kuyathibitisha au ROLLBACK kuyafuta.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Ikiwa jedwali lako la mauzo lina jina la samaki na kilo tu, na bei huchukuliwa kutoka jedwali la samaki, basi kila unapopandisha bei, hata mauzo ya mwaka jana hubadilika thamani. Ongeza safu ya bei katika jedwali la mauzo, uandike humo bei aliyolipa mteja siku ile. Huko si kurudia data bure, kwani bei ya leo na bei ya siku ya mauzo ni mambo mawili tofauti, hata yakiwa na tarakimu zile zile.