Kabla hujanunua rauta nyingine, pima kwanza

Nilirudi nyumbani Taita miaka minne iliyopita kumuuguza mama. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, wateja wako mbali, na bila intaneti ya kueleweka sina kazi. Nyumba ya mama iko bondeni, chini ya barabara ya Wundanyi, imezungukwa na migomba na mikaratusi mirefu aliyoipanda marehemu baba. Ni mahali pazuri pa kuishi, lakini kwa mawimbi ya simu ni shimo.

Miezi sita ya kwanza nilitupa pesa. Nilinunua bando kubwa zaidi. Nilibadilisha laini mara mbili. Nikanunua rauta ya pili, ya bei, kwa sababu muuzaji wa Voi aliniapia kwamba hiyo ndiyo dawa. Kasi ikabaki ile ile: megabiti 2 kwa sekunde siku ikikubali, na saa mbili usiku hata hizo hazipo. Kisha siku moja daktari alikuwa akinionyesha kwa simu ya video namna ya kumgeuza mama kitandani asipate vidonda. Picha ikaganda mikono yake ikiwa hewani, sauti ikapotea, nami nikabaki nimemshika mama begani, sijui nimwinue au nimlaze. Usiku ule niliamua kwamba jambo hili nitalielewa mpaka mwisho.

Nililogundua ni hili: bando halikuwa tatizo, wala rauta haikuwa tatizo. Mawimbi yalikuwa yanafika nyumbani yamekwisha choka, na hakuna kifurushi kinachoweza kuyafufua yakishafika katika hali hiyo. Pesa yote niliyotumia niliitumia upande usio na ugonjwa.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Vile vijiti vya mawimbi juu ya kioo cha simu visikudanganye, kwa kuwa kila kampuni ya simu huvichora inavyotaka. Fungua ukurasa wa rauta yako kwenye kompyuta (anwani huandikwa kwenye kibandiko chini ya rauta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1) utafute namba mbili. Ya kwanza huitwa RSRP, nayo ni nguvu ya mawimbi. Huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -105. Ukiwa karibu na -80 huna shida. Ukishapita -110 unaishi kwa kudra. Ya pili ni SINR, yaani usafi wa mawimbi ukilinganisha na kelele. Ikizidi 13 shukuru. Ikiwa karibu na sifuri, ndiyo sababu kurasa zinafunguka kwa kusuasua ingawa rauta inaonyesha 4G. Simu nyingi za Android zitakupa habari kama hizo ukibonyeza *#*#4636#*#*, au kwa programu kama CellMapper.

Mimi nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake. Sebuleni, chini ya mabati, -112 na SINR ya 1. Dirisha la jikoni, -104. Juu ya jukwaa la tangi la maji, -96. Sijatumia hata shilingi, na tayari nimejua kwamba kati ya sebule na tangi, hatua ishirini tu, kuna tofauti ya desibeli 16 (desibeli ndicho kipimo cha namba hizi). Kila desibeli 3 ni nguvu maradufu. Fanya hesabu uone.

Pima kasi pia mara tatu kwa siku: alfajiri, mchana, na saa mbili usiku, kwa wiki nzima. Kama alfajiri unapata megabiti 20 na usiku 1, mawimbi yako ni mazima ila mnara umejaa watu, na hapo dawa ni kutafuta mnara mwingine. Kama ni mbovu saa zote, tatizo ni njia ya mawimbi kutoka mnarani hadi kwako. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na wengi tunayatibu kwa kidonge kimoja.

Sasa antena. Tafuta ya nje, yenye mwelekeo, inayoelekezwa kwa mnara mmoja, na hakikisha rauta yako ina matundu ya kuichomeka. Ziwe mbili, au moja yenye waya mbili, kwa sababu 4G hutumia njia mbili kwa pamoja. Uliza pia masafa ya mnara wenu, yaani hurusha mawimbi ya megahezi ngapi. Masafa ya 800 hufika mbali na huvumilia miti na kuta. Ya 1800 hubeba mzigo mkubwa zaidi lakini hukata tamaa mapema. Antena iliyotengenezwa kwa moja haitakufaa kwa nyingine.

Hapa nilikosea, na nataka wewe usikosee. Fundi wetu ni kijana hodari wa antena za televisheni. Alifunga antena mpya juu ya paa, akashusha waya mwembamba wa mita 15 hadi sebuleni. Nikafungua ukurasa wa rauta kwa hamu. Ilisoma -103, karibu sawa na dirisha la jikoni bure! Nilikaribia kulia. Nilikuja kuelewa baada ya siku mbili za kusoma: waya mwembamba wa aina ile, kwenye masafa ya 1800, hula karibu desibeli moja kila mita. Kila kilichokusanywa na antena kiliishia njiani.

Dawa ni kufupisha waya wa antena na kurefusha waya wa LAN, ule wa kuunganisha rauta na kompyuta. Tuliichukua rauta yenyewe tukaipandisha juu, kwenye kisanduku cha plastiki kisichoingiza maji, chini ya upenu ambapo jua haliipigi, mita moja kutoka kwenye antena. Kutoka pale tukashusha waya wa LAN, ambao unaweza kwenda hadi mita 100 bila kupoteza kitu, na umeme wa rauta ukapanda kwa waya huo huo kwa kifaa kidogo cha kuuchanganya. Ndani ya nyumba ile rauta ya pili ya muuzaji wa Voi hatimaye ikapata kazi: inasambaza Wi-Fi tu.

Asubuhi ya kuelekeza antena siisahau. Fundi juu ya ngazi, anaisukuma kwa kidole. Mimi dirishani na kompyuta, napaza sauti.

“Tisini na nane! Tisini na saba! Endelea kulia, taratibu… tisini na tano… umepitiliza, fundi, rudi!”

“Hapa, mama?”

“Hapo hapo! Usipumue!”

Mnara wa karibu uko nyuma ya kilima, na ndio tuliokuwa tukiulenga siku zote. Alipoigeuza antena kuelekea upande wa Mwatate, kwenye uwazi kati ya mikaratusi miwili, namba ikaruka hadi -88, SINR 14. Mnara ule uko mbali mara tatu, lakini katikati hakuna kilima. Mchana ule nilipata megabiti 25, na usiku 12. Nilimpigia daktari kwa video, mama akamsalimia mwenyewe.

Mkaratusi mmoja tulilazimika kuukata matawi, kwa ruhusa ya mama, maana majani yaliyolowa hunywa mawimbi na masika yote tungeteseka. Na kama unafunga chuma juu ya paa huku milimani, mwambie fundi achimbie waya wa ardhini, na radi zikianza chomoa kila kitu. Usilipuuze hilo hata siku moja.

Stima nayo. Rauta na vifaa vyake hula wati 10 hivi, kwa hiyo betri ya volti 12 yenye ujazo wa 18Ah, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa saa kumi. Mimi ninayo chini ya meza, na tangu nimeiweka sijakatikiwa katikati ya kazi isipokuwa mnara wenyewe unapozima.

Wengi huniuliza kwa nini nisinunue Starlink tu, iliyofika Kenya Julai 2023. Ni njia halali na nzuri, na kwa mahali pasipo na mnara kabisa ndiyo ningeishauri. Setilaiti zake huzunguka kilomita 550 hivi juu yetu, si 36,000 kama zile za zamani zilizofanya mazungumzo yachelewe. Lakini sahani inataka anga wazi, na programu yao ina kipimo cha kamera kinachokuonyesha vizuizi kabla hujalipa. Kitumie. Nilipokijaribu hapa, mikaratusi ilifunika robo ya mbingu. Sahani ya kawaida pia hula wati 75 hadi 100, kwa hiyo ile betri yangu isingefika hata saa mbili. Na hata setilaiti hujaa: Novemba 2024 Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani.

Linaloniuma, na nitaendelea kulisema, ni kwamba nyaya za intaneti za baharini zilitua Mombasa mwaka 2009, na faiba inapita Voi ikifuata njia ya Nairobi. Sisi tuko kama kilomita 40 tu kutoka hapo. Majirani tumeanza kuandika namba zetu pamoja, kaya kumi na moja, kila mtu na RSRP yake na kasi yake ya saa mbili usiku, ili tukienda kwa kampuni ya simu, na wasipotusikia kwa Mamlaka ya Mawasiliano, tuende na karatasi. Tunaangalia pia njia ya mtandao wa jamii, yaani intaneti inayoendeshwa na wakazi wenyewe, ambao Mamlaka iliuwekea utaratibu wa leseni mwaka 2021. Shirika liitwalo Tunapanda limefanya hivyo Kibera, na Tanzania upo mtandao wa jamii wa Kondoa. Ukiishi bondeni kama sisi, gonga mlango wa jirani aliye juu kilimani kabla hujagonga wa duka.

Na siku intaneti ikilala ghafla, uliza wenzako kwanza kabla ya kushika ngazi. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na Afrika Mashariki nzima ikasuasua. Nilipanda paa mara tatu siku ile bure.

Wiki hii fundi anakuja kubadilisha utepe wa mpira kwenye viungo vya antena, maana umeanza kupasuka kwa jua, na maji yakishaingia pale namba hushuka pole pole bila wewe kujua. Ile kalenda bado iko ukutani, upande wa nyuma ukitazama nje. Nitaandika namba ya kabla na ya baada.