Kidonda kidogo kichwani, damu nyingi

Pole sana dada kwa mtoto. Umeuliza kwa nini kidonda kidogo cha kichwani kimwage damu vile, na kama ubongo umeguswa. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, nayo imeshikiliwa na nyama ngumu inayoizuia kujikunja na kuziba upesi ikikatika. Kwa hiyo wingi wa damu hautuambii hali ya ndani.

Chini ya ngozi kuna fuvu, kisha tando tatu: wa nje mgumu, wa kati mwembamba kama wa buibui, na wa ndani ulioshikamana na ubongo wenyewe.

Mimi ninachoogopa zaidi ni pigo la panjani, yaani ubavuni mwa kichwa kati ya jicho na sikio, hata lisilotoa tone la damu. Hapo mfupa ni mwembamba na kwa ndani hupita ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni. Mfupa ukipasuka, ateri huweza kuchanika, damu ikajikusanya kati ya fuvu na utando mgumu. Mtoto anaweza kuongea vizuri kabisa, halafu saa chache baadaye akazidiwa. Akitapika tena na tena, akisinzia isivyo kawaida, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkimbize hospitali usiku huo huo, usingoje kuche.