Unataka kupeleka wanafunzi kambi ya Mafia? Soma hapa kwanza

Juzi kijana mmoja wa chuo ameniandikia: "Dada, nasikia wewe ndiye uliyeongoza ile kambi ya kisiwa cha Mafia. Na sisi tunataka kwenda, tuanzie wapi?" Nimefurahi, sitaficha. Wapo niliosafiri nao ambao leo wanaisimulia safari ile kana kwamba ilijipanga yenyewe.

Mdogo wangu, anza na mchango. Kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu alikuwa "nipo", "msiniache". Siku ya kulipa ilipofika, simu zikawa hazipokelewi. Wengine walijitoa mchele umeshanunuliwa na mahema yameshakodiwa, halafu wakadai warudishiwe pesa. Mmoja akaandika kundini, mbele ya wote, kwamba msichana hawezi kuongoza watu baharini. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo: tulikwenda na tukarudi, wote wazima. Kwa hiyo hesabu waliolipa, waliosema "nipo" waache kwenye simu.

Njia ya Dar hadi Nyamisati na boti ya kuvukia Kilindoni nairuka. Ni jua, kusubiri na watu kutapika. Ukikaribia kijiji cha Utende unaingia Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na kuna kiingilio. Kiweke kwenye bajeti mapema. Usifike getini ukaanza kulia kwamba nyinyi ni wanafunzi.

Tulipiga kambi Chole, kisiwa kidogo kisicho na magari, ng'ambo ya Utende. Kabla sijaruhusu mtu kufungua hema nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kujitambulisha. Walionuna walinuna: giza linaingia, huyu bado anapiga hodi! Lakini mzee yule ndiye aliyetuonyesha kiwanja, kisima na nahodha. Na nahodha, hata salamu hazijaisha, akaniuliza: "Mwanangu, mmeangalia mwezi?"

Swali hilo lilibeba safari nzima. Wanafunzi tunapenda mwezi mpevu kwa sababu kambi inapata mwanga na picha zinapendeza. Sasa, mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Kabla ya adhuhuri maji yanakupwa hadi mashua inalala mchangani, kisha yanajaa mnamo saa kumi jioni, na tena saa kumi alfajiri mkiwa mmelala fofofo. Ule mchanga mweupe mnaoukuta saa mbili usiku na kuupenda, wenyewe ni bahari. Nahodha alitupandisha hadi juu ya mstari wa mwani mkavu, akasema hapa. Wavulana wawili wakang'ang'ania kulala chini, eti mandhari. Alfajiri niliwasikia wakikimbiza viatu majini. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Bamvua hiyohiyo ndiyo iliyotufikisha Kua, kwenye kisiwa cha Juani. Mashua hupita vizuri kwenye mikoko maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo tulipewa muda mfupi na tukaambiwa asiyerudi atalala na magofu. Mji ule ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, ukahamwa. Kuta za misikiti na jumba la sultani bado zimesimama. Mwenyeji wetu alisimulia kisa cha kale: watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia, walishusha jahazi lao majini kwa kuliburuta juu ya watoto wa Kua. Wakua wakanyamaza. Wakangoja. Baadaye wakawaalika wenzao harusini, wakawaingiza chumba cha chini ya ardhi, wakauziba mlango kwa mawe. Kundi zima tulikuwa kimya, ila mmoja akauliza kama hiyo inatoka kwenye mtihani.

Sasa niwaambie ukweli vijana wenzangu. Hamsikilizi. Mnafika kwa watu na simu mkononi, salamu hamna. Pale Chole kuna popo wakubwa wa Komoro wanaoning'inia mitini mchana na kuruka magharibi. Ilibidi nimzuie mtu asipige makofi kuwaamsha ili apate video! Mwenye kisiwa ni mwenyeji. Msalimie, muulize, msikilize, kisha muulize tena. Na nahodha akisema leo hatuendi, hamwendi, hata kama mwenye zamu ya kupiga picha ameshavaa.

Kuhusu majira: epuka masika, mvua ya Aprili haina huruma na hema la kukodi. Ukitaka kuona papa potwe, nenda kati ya Oktoba na Februari, upande wa Kilindoni. Sisi tulikwenda mwezi wa tisa kwa sababu ndipo likizo ilipoangukia, na nilitangaza mapema kwamba potwe si ahadi. Yupo ambaye hadi leo ananidai potwe wake. Huyo mchango wenyewe alilipa nusu.