Usinunue hiyo adapta ya SATA!

Ndugu wa Arua, simama hapo hapo. Umeandika kwamba umetia kadi ya picha, RX 580, kwenye kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 ya mnara, feni zinazunguka, skrini inasema haipati signali, na muuzaji amekwambia upite kesho akuuzie kiadapta cha kutoa umeme kwenye waya wa SATA, ule wa kulisha diski, hadi kwenye ile plagi ya pini 8 ya kadi. Usiende. Kama umeshalipa, mwachie, hesabu umetoa sadaka.

Mimi nilikitumia hicho. Kadi iliwaka, picha ikaja safi, nikamsifu muuzaji mpaka kwa majirani. Kasheshe ilianza nilipoipa kazi yenyewe, kutoa video ya kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwao, ya mteja. Harufu ya plastiki ikajaa chumbani, nikadhani kuna mtu anachoma takataka nje. Kufungua kava, plagi nyeupe ya SATA imekuwa rangi ya chai, imeyeyuka ikang'ang'ania pini, haichomoki bila koleo. Na waya ule ule ndio uliokuwa unalisha diski yangu. Diski ikafa palepale, kwanjula nzima ndani. Kadi ilipona, lakini kadi si inanunuliwa? Nani atarudisha wakwe wamepiga magoti, ng'ombe wanashushwa? Ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, alinipigia simu hadi mke wangu akaanza kuuliza huyu mwanamke ni nani.

Muuzaji je? "Uliitumia vibaya, ssebo (bwana)." Vibaya vipi, kitu chenye tundu moja tu la kuchomeka! Watu hawa shilingi wanazihesabu mpaka ya mwisho, ila wati hawataki hata kuzisikia.

Basi nikuhesabie mimi. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja inabeba ampea 1.5. Hiyo ni ampea 4.5, yaani wati 54. Plagi ya pini 8 ya kadi inaruhusiwa kuvuta hadi wati 150. RX 580 imeandikiwa wati 185, na sloti, yaani tundu la mazabodi inapochomekwa kadi, inatoa 75, basi. Zinazobaki 110 unataka zipite kwenye plagi ya wati 54! Ile adapta yenye vichwa viwili nayo ni danganya toto, maana vyote unaishia kuvichomeka kwenye waya mmoja. Halafu pawasaplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, ya 7010 ni ya wati 275 kwa mashine nzima! Feni zisikudanganye, zinaweza kuzunguka kwa umeme wa sloti tu na kadi isitoe picha.

Shika hili moja: kadi ilishwe umeme wa pawasaplai yenyewe, kwa waya uliokuja na pawasaplai hiyo. Si wa kuazima, si wa kuunga. Hata pawasaplai zenye waya za kuchomoa, usichukue waya wa kampuni nyingine kwa sababu tu umeingia. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hautofautiani kwa macho, unatofautiana kwa moshi.

Tafuta pawasaplai ya wati 500 ya kueleweka. Bahati yako 7010 inatumia plagi ya kawaida ya pini 24. Ingekuwa 7020 au 9020, Dell wameweka ya kwao ya pini 8, ungehangaika. Plagi ya waya wa kadi hugawanyika pini 6 na 2. Ule wa 4 na 4 ni wa prosesa, usiulazimishe. Pesa ikigoma, badilishana upate GTX 1050 Ti ile isiyo na plagi ya umeme, yenyewe inatosheka na wati 75 za sloti.

Na HDMI iwe kwenye kadi, si kule juu kwenye mazabodi. Najua unajua. Angalia tena.

Uliuliza pia habari za drayva na biosi, nadhani na ramu. Hayo watakujibu wengine, drayva haiyeyushi plastiki.