Elementi saba kwenye sahani ya elementi nne?

Swali: Shikamoo mhandisi. Tangu Finnair isitishe safari za Tartu, Estonia, kwa mwezi mzima mwaka 2024 kisa GPS inavurugwa, nimeamua mradi wangu wa mwaka wa mwisho uwe antena ya ndege inayohimili uvurugaji. Nina elementi 4 (vipande vinavyopokea mawimbi) kwenye sahani ya sentimita 12. Kwenye kompyuta, mtambo mmoja wa kuvuruga naunyamazisha vizuri. Nikiweka miwili, yote inanyamaza, ila setilaiti za jirani nazo zinapotea. Nikifikisha elementi 7 kwenye sahani hiyohiyo, itasaidia?

Jibu: Marahaba. Hapana, na huenda ukaharibu zaidi.

Elementi 4 zinaweza kujitia uziwi pande 3, kwa hiyo mitambo miwili haikushindi. Kinachokubana ni upana wa sahani. Wimbi la L1, yaani masafa ya GPS ya megahezi 1575.42, lina urefu wa sentimita 19. Elementi zinapenda kuachana nusu yake, yaani 9.5. Zako nadhani zimeachana 6 hivi. Zikibanana namna hiyo zinasikia karibu kitu kilekile, na shimo la uziwi unalolielekeza kwa mvurugaji linakuwa pana kama ungo, linameza na setilaiti iliyo pembeni. Saba zilizopangwa sawasawa, moja katikati na sita kuizunguka, zinadai sahani ya zaidi ya sentimita 20. Najua utanitajia seramiki. Seramiki inapunguza ukubwa wa elementi; wimbi lililoko hewani halina habari nayo.

Baki na 4, zisogeze hadi ukingoni, na kama mgongo wa ndege unaruhusu, panua sahani. Kisha hangaikia ulinganifu wa njia za mawimbi (kebo na vifaa vya kila elementi), maana kompyuta inazichukulia zote pacha. Ukitaka kushusha uvurugaji kwa desibeli 40, yaani nguvu yake ipungue mara elfu kumi, njia zisitofautiane zaidi ya asilimia 1 ya ukubwa, au nusu digrii ya fezi (kupishana kwa mawimbi). Kebo moja ikipoa kuliko mwenzake huko juu, nusu digrii hiyo imekwenda. Kwa hiyo weka ishara ya urekebishaji ndani ya antena yenyewe, ijipime ikiwa angani.

Kigeuzi cha dijitali, kinachogeuza mawimbi kuwa namba, nacho kiwe cha biti 12 au 14. Vile vya biti 1 au 2 vya vipokezi vya kawaida, mtambo wenye nguvu ukivijaza, hesabu zako zote zinachambua takataka.

Halafu inamisha ndege digrii 25 kwenye kompyuta. Ikiruka bila kuinama, bodi ya ndege inaikinga antena na mitambo iliyoko chini. Ikikata kona, upande mmoja unabaki wazi. Uone shimo lako linahama kwa kasi gani.