Jibu: Je, wito unaweza kupatikana ndani ya kazi ya upolisi?

Ndugu yangu, umeuliza kama askari aliyejiunga na Jeshi la Polisi kwa kutafuta ajira tu anaweza kuupata wito akiwa kazini. Mimi nilihitimu Shule ya Polisi Moshi nikitamani upelelezi wa wizi wa magari, lakini nikapangiwa Dawati la Jinsia na Watoto, kitengo cha polisi kinachopokea kesi za ukatili wa kijinsia na wa watoto, kazi ambayo wakati huo niliiona ndogo. Huko nilijifunza kwamba mtoto aliyeumizwa hasemi mbele ya kaunta yenye watu; husema faraghani, polepole, kwa mtu asiyemharakisha, na kwamba kumpatia mapema PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ili atibiwe, naye daktari aandike humo alichokiona, huweza kuiokoa kesi mahakamani. Subira hiyo, ambayo sikujua kuwa ninayo, ndiyo iliyonibakiza. Omba upangiwe dawati hilo, hata kwa miezi michache.