Farasi 450 wa 1970 si farasi 450 wa leo

Kaka, umeuliza kama kweli Chevelle SS 454 ya 1970, gari la Chevrolet, ile ya injini iitwayo LS6 iliyoandikwa nguvu ya farasi 450 (horsepower), imepitwa na Mustang GT ya 2018 yenye 460 kwa farasi kumi tu. Hapana. Hizo ni mizani mbili tofauti.

Zamani kule Marekani injini ilipimwa ikiwa karibu uchi, imefungwa kwenye stendi: haina hawa klina, alteneta haiibebeshi mzigo, na moshi unatokea kwenye bomba pana lisilobana. Kuanzia magari ya 1972, viwanda vikahamia kutangaza nguvu ya injini iliyovaa kila kitu, pamoja na eksozi yake ya barabarani. Tazama Corvette, gari jingine la Chevrolet, ya injini ya inchi za ujazo 454: 1971 iliandikwa 365, mwaka uliofuata 270. Watu hulaumu sheria za moshi, lakini GM, kampuni mama ya Chevrolet, walikuwa wameshashusha kompresheni (jinsi injini inavyobana hewa na mafuta) tangu 1971, kwa hiyo ile 365 tayari ilikuwa na punguzo hilo. Sehemu kubwa ya farasi hao 95 walipotelea kwenye karatasi!

Na karatasi zenyewe zilipikwa. Camaro Z/28 ya 1969 iliandikwa 290, namba ya unyenyekevu mno kwa injini ile.

Ukitaka kumaliza ubishi, achana na vipeperushi. Chukua uzito wa gari na kasi yake linapomaliza mbio za robo maili, ukadirie nguvu yake halisi. Usitumie sekunde peke yake, maana matairi membamba ya enzi hizo yalikuwa yanazunguka bure pale kwenye mstari wa kuanzia.